Mwenye Tumbaku Haendi, Huendewa

Mimi ni bibi afya. Kwa watu wa Sumbawanga maana yake ni mwanamke anayeingia hotelini kwako bila kuagiza chai, anachungulia mapipa ya maji, anakagua choo, halafu anabandika karatasi ukutani na kwenda zake. Miaka hii karatasi ninazobandika zaidi ni zile zenye sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Nimezibandika stendi, sokoni, kwenye baa, kwenye korido za ofisi za serikali, hata mlangoni pa ukumbi wa harusi, ambako mzee mmoja aliyevaa suti ya kijivu aliniuliza kama nimealikwa. Nikamwambia sijaalikwa, nimetumwa. "Na huyo aliyekutuma, yeye kaalikwa?" Nilibandika karatasi yangu nikaondoka.

Mara kwa mara tunaitwa semina. Wanakuja wataalamu na kompyuta zao, pazia linafungwa, na mapafu meusi yanatokea ukutani makubwa kuliko sisi. Tunaelezwa kwamba mataifa ya dunia yalikaa pamoja yakaandikiana mkataba juu ya tumbaku, na nchi yetu nayo ikatia mkono. Tunaambiwa kuna nchi ambako pakiti ya sigara ina picha ya kutisha mtu aliyeshiba, ambako sigara dukani zimefichwa kabatini kama dawa ya panya, ambako ushuru umepandishwa mpaka mvutaji anafikiri mara mbili. Mimi huwa nauliza maswali kwa hasira, kana kwamba mtaalamu ndiye mwenye kiwanda. Kwa nini makampuni yakifukuzwa mlangoni huko yanaingia kwa dirisha huku kwetu? Kwa nini mtaani kwangu sigara zinauzwa moja moja, kwenye kopo lililo karibu na pipi za watoto? Wenzangu hunivuta gauni nikae. Lakini kila neno naliamini, mpaka leo.

Halafu Jumamosi inafika. Napanda gari la asubuhi kwenda Mwazye, nyumbani, nashuka barabarani nashika njia, na kabla sijaona hata paa la nyumba yetu nasikia harufu ya tumbaku ya baba. Na mimi, bibi afya wa wilaya nzima, moyo wangu unatulia.

Nifanyeje? Ile ndiyo ilikuwa harufu ya koti lake, na ndani ya koti lile ndimo nilimopandia kilima cha zahanati siku za homa, nimefungwa mgongoni mwake kama mwanamke anavyombeba mtoto, wanaume wenzake wakimcheka njia nzima. Mama yetu alikwisha kufa wakati ule. Baba alitulea na harufu ile juu ya mablanketi, juu ya ugali wa ulezi, juu ya rozari yake iliyoning'inia msumarini. Nilipokwenda shule ya bweni nilikuwa na kitambaa chake kimoja ndani ya sanduku, sikukifua, mpaka harufu ikaisha yenyewe.

Ule mkataba wa mataifa haukumjua baba. Tumbaku yake haikuwa na pakiti ya kubandika picha, haikuwa na ushuru wa kupandisha, haikuwa na kampuni ya kushtaki. Ilikuwa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zizi la ng'ombe zamani, miche michache yenye majani mapana kuliko uso wa mtu. Aliyakausha chini ya paa la jiko, akayasokota kamba, akayaweka ndani ya kibuyu. Ujana wake alikuwa akiteremka nayo bondeni, njia ya Mtowisa, na kurudi juu na mchele, kwa maana watu wa bondeni walisema tumbaku ya juu kwenye baridi ina adabu, haimwamshi mtu usingizini. Hayo ni maneno yake. Sijamsikia mtu wa bondeni akiyasema.

Lakini hakuilima ili auze, na sidhani hata aliilima ili avute. Aliilima ili aombwe.

Hapa lazima nieleze mambo yetu. Kwetu mtu mzima hajiendei tu nyumbani kwa mwenzake akakaa. Akae kwa sababu gani? Ataonekana ana njaa, au ana umbeya. Huenda kuomba kitu: moto, chumvi, jembe, tumbaku. Ukishaomba umepata haki ya kukaa, na kukaa kunazaa maneno, na maneno yakiwa mengi jua linazama na hakuna aliyeaibika. Kwa hiyo mwenye tumbaku ni mtu mwenye watu. Yeye haendi kuomba kwa mwingine, maana anacho. Hukaa kwake na kuendewa. Baba alipenda kulisema hilo, huku amenyoosha miguu: "Mwenye tumbaku haendi, huendewa."

Na kuna jambo la pili. Anayetoa ndiye anayeanza. Pombe ya ulezi ni hivyo, na tumbaku ni hivyo. Mwenye kitu anaonja mbele ya macho yako, ili ujue hakuna mkono wa mtu ndani yake, sumu wala uchawi. Kumpa mgeni kitu usichokigusa wewe ni kumtukana, ni kama kumwambia ukifa shauri yako. Wala haijalishi mmejuana miaka mingapi. Baba alipoombwa tumbaku alishindilia kiko, akaweka kaa la moto, akavuta yeye kwanza, akatoa moshi pembeni, kisha akapangusa mdomo wa kiko kwa kiganja na kumpa mwenzake.

Mwenzake mwenyewe alikuwa mmoja. Wengine walikuja na kuondoka, wengi wamekwisha kuzikwa, lakini huyu alikuja kila jua likipinduka. Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito, unaiona kutoka uani kwetu. Sisi tunamwita Baba Mdogo ingawa si ndugu wa damu. Yeye ni Mmambwe na baba ni Mfipa, na ujana wao waliubeba pamoja, matofali ya kanisa kichwani. Kwake tumbaku haioti. Alijaribu mara nyingi, miche ikafa, na baba hakuacha kumkumbusha kwamba hata udongo unamjua mtu mvivu.

Alikuwa akifika ukingoni mwa ua, anasimama, anakohoa.

"Hodi hapa."

"Hapa hakuna mtu," anajibu baba, naye amekaa palepale mbele ya macho yake.

"Basi nimekuja kumwomba huyo asiyekuwapo tumbaku kidogo."

"Ile ya jana uliifanya nini?"

"Ilikuwa mbaya."

"Na leo unaitakia nini?"

"Nione kama imejirekebisha."

Maneno ni hayohayo tangu sijaota meno ya mbele. Nimekua nikiyasikia, nimeolewa, nimezaa, nikirudi nayakuta. Tulipokuwa watoto tuliyaigiza nyuma ya jiko, mimi nikiwa baba, kaka yangu akiwa mwombaji, na kijiti cha mtama kikiwa kiko.

Sasa mwaka ule baba alianza kukohoa. Alikuwa amekohoa siku zote, kikohozi cha asubuhi cha mvutaji, tulikuwa tunakitumia kama jogoo. Hiki kilikuwa kingine. Kilianza mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unapokata masikio, na mwezi wa nane bado kipo. Akienda kuchota maji ya kunawa anasimama njiani. Akisimama ananidanganya kwamba anatazama mawingu. Mawingu gani mwezi wa nane? Nilimpandisha gari nikamleta mjini kwa nguvu, njia nzima tukigombana kwa sauti ya chini kwa sababu ya abiria.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akampima, akampiga picha, kisha akavuta kiti karibu. "Mzee wangu," alisema, "mapafu yamechoka. Siwezi kuyafanya mapya. Ukiacha tumbaku leo, pumzi uliyobaki nayo itakutosha kutembea, kula, kwenda misa. Usipoacha, mvua zijazo zitakukuta kitandani, na sina hakika kama utainuka."

Baba akafikiri. "Niache mpaka lini?"

"Uache kabisa, mzee."

"Mwanangu, hata Bwana Yesu alifunga siku arobaini, kisha akaenda kula. Wewe unanifungisha bila Pasaka?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Nilianza kulia palepale, mimi ninayewafokea wenye baa, na nililia kwa kelele. Nilikuwa nimebandika karatasi mji mzima na baba yangu alikuwa anakufa kwa kitu kilekile, nyuma ya nyumba niliyozaliwa. Baba alinitazama. Huniita mama, kwa kuwa jina langu ni la mama yake.

"Mama," alisema, "usinililie mbele za watu. Chukua." Akatoa kiko mfukoni mwa koti, bado kina moto kidogo, akakiweka kwenye mkoba wangu kati ya karatasi za serikali.

Na aliacha. Nataka lijulikane, kwa sababu watu hudhani wazee hawawezi. Tuliporudi nyumbani alikwenda mwenyewe nyuma ya nyumba na jembe, akang'oa visiki vya tumbaku kimoja kimoja, akipumzika kila baada ya kisiki. Majani yaliyokuwa chini ya paa hakuyachoma, maana yeye hatupi kitu. Aliyatandika ndani ya viota vya kuku, kwa sababu utitiri haupendi tumbaku, na kila mama wa Ufipa anajua hilo. Alitandika viota vyote. Wifi yangu, mke wa kaka, anayekaa naye pale nyumbani, alisema hajawahi kuona kuku wasafi namna ile.

Mimi nami, kwa furaha, nilichukua karatasi moja yenye mstari mwekundu nikaibandika kwenye mlango wa baba. Akaisoma. "Hii ni sigara," alisema. "Mimi sikuwahi kuvuta sigara." Lakini aliiacha.

Miezi ile kazi zilinishika mjini, habari zake nilizipata kwa simu. Mvua za kwanza zilipokuja hakuwa tena analala ameketi kwa ajili ya kifua. Kikohozi kilipungua, akawa anafika kijitoni na kurudi. Kwenye semina iliyofuata nilisimama nikamsimulia baba yangu kwa wataalamu, visiki, kuku na Pasaka, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtaalamu mmoja aliomba ruhusa akalisimulie hilo huko aendako. Nilirudi nyumbani kwangu nikiwa mrefu zaidi.

Haikupita wiki, wifi akanipigia simu.

"Wifi, ukipata nafasi njoo."

"Kikohozi kimerudi?"

"Kikohozi hakipo. Lakini hali chakula. Anakaa uani ameelekea kijito kuanzia mchana mpaka giza. Nikimpa ugali anaushukuru na kuurudisha. Na leo nimemkuta bandani, mkono wake uko chini ya kuku anayeatamia."

"Alikuwa anatafuta mayai?"

"Alikuwa anatafuta tumbaku."

Sijui nilivyofika. Najua kwamba nilikuwa nimepanga hotuba, na nilianza kuitoa nikiwa bado njiani, peke yangu, wanawake waliokuwa wakiweka matuta shambani wakasimama kunitazama. Nilimkuta uani. Amekonda, shati limemzidi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa pale kuku alipomdonoa. Mbele yake kilikuwapo kigae chenye kaa la moto, na juu ya goti jani moja la tumbaku lililochakaa, lina manyoya.

"Shikamoo baba," nilisema, kwa sauti ya kugombeza.

"Marahaba mama. Kuku hana siri."

Nikaanza. Nilimwambia juu ya mapafu, juu ya daktari, juu ya makofi ya semina, juu ya wajukuu. Nilimwambia kama anataka kufa aniambie, nipange mambo. Nilisema maneno mengi, mengine sikuyapanga. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Kiko unacho wewe," alisema. "Ningevutia nini?"

Kweli kiko kilikuwa mjini, ndani ya kabati langu. "Sasa hilo jani ni la nini?"

Akaona haya. Sijawahi kumwona baba akiona haya, hata siku alipoanguka na baiskeli mbele ya padre. Alitazama ng'ambo ya kijito, nyumba ya Baba Mdogo ilipo, na moshi wa jiko lao ulikuwa unapanda.

"Nilitaka nilichome tu kidogo," alisema. "Upepo unaelekea kule. Nilidhani harufu ikimfikia, atakuja."

Ndipo nikafahamu kwamba Baba Mdogo hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu baba arudi kutoka hospitali. Wifi alithibitisha kwa kichwa. Baba alikutana naye kanisani, walisalimiana mlangoni, kila mtu akashika njia yake. Hakuja. Hakutuma hata mtu.

Hasira yangu, ambayo ilikuwa imeanza kuzimika, ikapata kuni. Kumbe ndivyo? Miaka yote ile, matofali, mazishi ya mama yetu aliyoyalilia kuliko sisi, kumbe kilichokuwa kikimleta ni kibuyu? Rafiki wa tumbaku, tumbaku ikiisha na rafiki anakwisha. Na baba yangu alikuwa anakufa kwa upweke mbele ya macho ya mtu huyo. Pumzi tumeiokoa, mwenye pumzi anatupotea. Na nilijua kitakachofuata: siku moja asingelichoma jani, angelivuta, hata kwa kulisokota ndani ya karatasi yangu ile ya mlangoni, ili tu uani paingie mtu.

Nilivua viatu nikavuka kijito.

Baba Mdogo alikuwa nyuma ya nyumba yake, anachonga mpini wa jembe. Niliona kitu kimoja ambacho nilipaswa kukifikiria: alikuwa amekaa ameipa mgongo nyumba yetu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za watoto. Sikumjibu habari za watoto.

"Baba Mdogo, baba yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi ni tumbaku. Niambie tu ni tumbaku, nijue moja."

Akaweka panga chini. "Ni tumbaku," alisema.

Nilifungua mdomo wangu, na Mungu anajua kilichokuwa kinakuja, lakini yeye aliinua kiganja, taratibu, kama anayemzuia ng'ombe mlangoni.

"Mama, nisikilize, halafu utanitukana. Mimi nikifika pale, nitaomba. Mdomo huu umeomba maisha yake yote, miguu ikifika kwenye ule ua mdomo unafunguka wenyewe. Na nikiomba, baba yako hawezi kuninyima. Tumbaku hana, atatafuta. Atakwenda kwa watu, ataamka asubuhi aende sokoni, ataipata. Unamjua. Na akinipa, nani anaanza kuvuta?"

Niliitazama nyumba yetu ng'ambo.

"Nani anaanza?"

"Anayetoa," nilisema.

"Basi. Nilisikia alivyosema daktari, wifi yako alisimulia kwenye sala za jumuiya. Nikasema, mimi sitamuua mwenzangu kwa hodi. Bora anione mbaya." Aliokota panga, akaliangalia, akaliweka tena chini. "Mchana nageuza kiti hivi ili nisimwone amekaa. Nikimwona nitakwenda."

"Na wewe," nilimuuliza, "wewe unavutia wapi?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Kwa nani? Tumbaku yangu ilikuwa kwake."

Nililia tena. Mwaka ule nililia kuliko miaka yote pamoja, na nasema hivyo bila aibu. Pale mbele yangu alikuwapo mtu mwingine aliyeacha tumbaku, bila daktari, bila picha ya mapafu, bila karatasi yangu, na hakuna semina iliyompigia makofi. Aliacha kwa sababu hakuwa na wa kumwomba. Akaenda kwenye jiko akaniletea maji ya kunawa uso, akasema kamasi hazimfai mtumishi wa serikali.

Nilirudi kwa baba nikamwambia yote. Nilimwambia kama nilivyoambiwa, neno kwa neno, hata lile la kugeuza kiti. Alisikiliza akitazama chini. Lile jani lilikuwa bado liko gotini, akalichukua, akamwita wifi, akampa alirudishe kwa mwenyewe, yaani kuku. Halafu akaomba fimbo yake na koti.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kuomba," alisema.

Wifi na mimi tulitazamana. Tangu tumjue, baba hakuwahi kuvuka kijito kwenda kuomba. Alivuka kwa msiba, alivuka kwa mtoto kuzaliwa, alivuka siku ya ubatizo. Lakini kukaa tu, hapana. Mwenye tumbaku haendi.

Alikwenda. Mimi nilifuata nyuma, mbali kidogo, kwa sababu alinikatalia nisimshike. Kijito alikivuka kwenye mawe, na kilima cha upande wa pili, ambacho mimi nilikuwa nimekipanda kwa hasira bila kukiona, yeye alikipanda kwa vituo. Anasimama, anatazama mawingu, na safari hii mawingu yalikuwapo. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Kila aliposimama nilitaka kumwambia turudi, nikajiuma ulimi. Kwangu jambo hilo si dogo.

Baba Mdogo alikuwa bado ametupa mgongo, anachonga. Baba akafika ukingoni mwa ua. Akasimama, akaegemea fimbo kwa mikono miwili, akasubiri mpaka pumzi ikamrudia.

"Hodi hapa," alisema.

Panga likasimama. Baba Mdogo hakugeuka.

"Hapa hakuna mtu," alijibu.

"Basi nimekuja kumwomba huyo asiyekuwapo."

"Huyo hana tumbaku. Kwake haioti, wewe unajua."

"Sikuomba tumbaku," alisema baba. "Naomba kiti."

Baba Mdogo akageuka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha miguu mitatu, akakiweka chini mbele ya baba. Lakini hakumpa. Alikaa yeye kwanza. Alikaa vizuri, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, akimtazama baba machoni, kwa muda wa kutosha mtu kuona kwamba hakuna mkono wa mtu ndani yake. Kisha akainuka, akakipangusa kwa kiganja, akamsogezea.

Baba akakaa.

"Kibaya," alisema, alipopata pumzi. "Kesho nitakuja nione kama kimejirekebisha."